Ustadi wa Rubani na Mwenzake: Somo kutoka Anga la Serengeti

Utangulizi

Ulimwenguni leo wako watu ambao, kazi za mchana zikiisha, huketi mbele ya kompyuta, hushika usukani mdogo wa mezani, na kurusha ndege za kivita ambazo hazipo. Mmoja aweza kuwa Nairobi, wa pili Dar es Salaam, wa tatu Ulaya. Huunganishwa na mtandao, huonana katika anga moja la kubuni, husemezana kwa vipaza sauti, na hupigana kundi kwa kundi. Asiyeujua mchezo huu hudhani kuwa mshindi ni yule mwenye vidole vyepesi kuliko wote. Waliouzoea hujua kwamba sivyo. Kijana mwepesi aliye peke yake huangushwa na wazee wawili wanaojuana.

Makala hii inakusudia kueleza kwa nini mambo huwa hivyo. Tutatumia fizikia ambayo mwanafunzi wa sekondari anaifahamu, na mifano yetu tutaichota katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Anga la huko lina walimu wa aina mbili wa somo hili: tumbusi, na marubani wanaohesabu wanyama. Jambo tunalotaka kulithibitisha ni moja: ustadi wa angani hauko wote ndani ya mtu mmoja, sehemu yake kubwa imo katika mwenzake.

1. Kiigizo cha urubani

Kiigizo cha urubani ni chombo kinachomfanya mtu ajifunze kuruka bila kuondoka ardhini. Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alikamilisha chombo cha namna hiyo mwaka 1929. Kilikuwa sanduku lenye mbawa fupi, limewekwa juu ya mivukuto ya hewa iliyotokana na ufundi wa vinanda. Mwanafunzi aliposukuma usukani, mivukuto ilijaa au kupungua hewa, na sanduku likainama kama ndege ya kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, zaidi ya wanaanga nusu milioni walipata sehemu ya mafunzo yao katika masanduku hayo.

Kompyuta iliondoa mivukuto ikaweka hesabu mahali pake. Mwaka 1988 ulianza mchezo ulioitwa Air Warrior, ambao uliwawezesha watu walio mbalimbali kupigana katika anga moja kwa njia ya simu na kompyuta. Michezo ya leo ni wajukuu wa mchezo huo.

Ndani ya programu hakuna mwujiza. Kompyuta huweka kumbukumbu ya masi ya ndege, kasi yake, kimo chake na mwelekeo wake. Mara nyingi katika kila sekunde hukokotoa kani nne zinazoiathiri ndege: uzito, kani ya kuinua itokanayo na mbawa, msukumo wa injini, na ukinzani wa hewa. Kisha hugawanya jumla ya kani kwa masi ili kupata mchapuko, na kutokana na mchapuko hupata kasi mpya na mahali papya. Kiigizo, basi, ni sheria za Newton zinazohesabiwa upya bila kuchoka. Mchezaji asiyezijua sheria hizo hushindwa nazo kabla hajashindwa na adui.

2. Nishati ni mali ya rubani

Ndege yenye masi m, kasi v na kimo h ina nishati ya mwendo, ½mv², na nishati ya kimo, mgh. Injini huongeza jumla ya nishati hizi. Ukinzani wa hewa huipunguza. Rubani anapoinua au kuinamisha pua ya ndege hubadilisha tu nishati ya aina moja kuwa ya aina nyingine, kama mfugaji abadilishaye ng'ombe kwa mbuzi na mbuzi kwa ng'ombe. Mali ni ile ile, umbo ndilo linalogeuka. Na kama ilivyo mnadani, kila abadilishapo hupoteza kidogo njiani.

Tuseme ndege inakwenda kwa mita 50 kwa sekunde, nayo inashuka mita 200. Tukiacha kando ukinzani wa hewa:

v² = 50² + 2 × 9.8 × 200 = 2,500 + 3,920 = 6,420

Kasi mpya ni karibu mita 80 kwa sekunde. Aliye juu ana akiba, na akiba hiyo anaweza kuigeuza kuwa kasi wakati wowote apendao. Aliye chini na mwendo mdogo hana cha kubadilisha. Ndiyo sababu mchezaji mzoefu huanza kwa kutafuta kimo kabla ya kumtafuta adui.

Mwalimu bora wa jambo hili ni tumbusi. Ndege huyu mzito hawezi kupiga mbawa kutwa nzima, kwa maana misuli yake haina nguvu za kutosha. Asubuhi husubiri mpaka jua liipashe ardhi moto. Hewa iliyopata joto hutanuka, huwa nyepesi kuliko ile inayoizunguka, na hupanda kama nguzo. Tumbusi huingia katika nguzo hiyo, huzunguka humo mpaka afike juu sana, kisha huteleza kuelekea nguzo nyingine, akitumia kimo kununua umbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu Mwingereza, Colin Pennycuick, aliutafiti mwendo huu katika Serengeti kwa njia ya ajabu: alirusha ndege ndogo ya kuteleza yenye injini ya kusaidia, akazima injini, akafuatana na tumbusi angani na kupima jinsi walivyoteleza wakilinganishwa na chombo chake. Kwa maneno mengine, alijifunza kuruka vema kwa kuruka pamoja na wajuzi.

Kimo wanachoweza kufikia si kidogo. Mwaka 1973 ndege ya abiria iligongana na tumbusi wa aina ya Rüppell juu ya Abidjan, nchini Ivory Coast, kwenye kimo cha mita zipatazo 11,300.

3. Kugeuka, na bei ya kugeuka

Katika mapigano ya angani kila mmoja hutaka kuwa nyuma ya mwingine. Kwa hiyo swali la pili ni hili: nani anageuka katika duara dogo zaidi?

Ndege haigeuki kwa usukani kama gari. Huinamia upande, na sehemu ya kani ya kuinua huivuta kuelekea kitovu cha duara. Ikiwa pembe ya kuinama ni θ, nusu kipenyo cha duara ni:

r = v² ÷ (g × tan θ)

Ndege iendayo mita 50 kwa sekunde, ikiinama nyuzi 30, huhitaji duara lenye nusu kipenyo cha mita 442, na huchukua sekunde 55 hivi kulimaliza. Tumbusi aendaye mita 13 kwa sekunde, kwa pembe ile ile, huhitaji mita 30 tu, na humaliza duara kwa sekunde 14. Kasi imo katika kanuni ikiwa imezidishwa yenyewe kwa yenyewe. Kwa hiyo mwenye mbio nyingi si lazima awe mshindi.

Rubani aweza kuinama zaidi, lakini hulipa. Akifikia nyuzi 60, mbawa lazima zibebe mara mbili ya uzito wa ndege, kwa kuwa 1 ÷ cos 60° ni 2. Mwili wenye masi ya kilo 60 hujihisi kama wenye kilo 120. Tena kasi ya chini kabisa ambayo mbawa zinaweza kuishikilia ndege hupanda kwa √2, yaani mara 1.41. Ndege inayoweza kwenda polepole kufikia mita 25 kwa sekunde ikiwa imenyooka, sasa haiwezi kwenda chini ya mita 35. Ikijaribu, hewa huacha kuufuata mgongo wa bawa, kani ya kuinua hupungua ghafla, na ndege huporomoka. Wageni wa michezo hii huanguka kwa namna hiyo bila kupigwa hata risasi moja: wamevuta usukani kupita mali waliyo nayo.

Wenyeji wa Mara wana jambo jingine la kuzingatia. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi ya Tarime na Serengeti imeinuka zaidi ya hapo. Kwenye kimo cha mita 1,500, mita moja ya ujazo ina kilo 1.06 hivi za hewa, ambapo pwani ina kilo 1.225. Kani ya kuinua hutegemea masi ya hewa na mraba wa kasi. Kwa hiyo ndege inayoondoka ardhini pwani kwa mita 25 kwa sekunde, huko juu itahitaji mita 27 hivi, na uwanja mrefu zaidi. Joto la mchana huzidisha tatizo. Katika programu nzuri ya kuiga urubani mwanafunzi anaweza kulihakikisha jambo hili mwenyewe kwa kuruka kutoka Dar es Salaam na kisha kutoka kiwanja cha nyanda za juu.

4. Macho mawili hayatoshi

Mpaka hapa tumesema habari za mtu mmoja na ndege yake. Lakini hesabu zote hizo hazimfai asiyeona. Jicho la binadamu huona kwa usahihi kamili katika pembe ndogo sana, kama nyuzi 2. Kwingine kote huona kwa ukungu na hutegemea kitu kitembee ili likitambue. Hapo pana hatari ambayo kila rubani hufundishwa: kitu kilicho katika njia ya kugongana nawe hakitembei kwenye kioo chako. Hubaki pale pale, kikikua.

Tukadirie. Tumbusi mwenye mbawa za upana wa mita 2.2 akiwa umbali wa mita 500 huonekana kwa pembe ya robo ya nyuzi, yaani nusu ya upana wa mwezi mpevu. Ndege iendayo mita 50 kwa sekunde itamfikia kwa sekunde 10. Akifikia upana wa mwezi zimebaki sekunde 5. Na mbawa zake, zikitazamwa kwa ubavu wake mwembamba, ni kama uzi. Ikiwa ana kilo 6 na kasi ya kukutana ni mita 60 kwa sekunde, nishati ya mgongano ni jouli 10,800. Ni sawa na jiwe la kilo 6 kuangushwa kutoka kimo cha mita 180 na zaidi.

Hesabu hii si ya kubuni tu. Januari 1958 Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama pundamilia. Wote wawili walijifunza urubani kwa ajili ya kazi hiyo. Tarehe 10 Januari 1959 Michael, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa akiruka peke yake. Ndege iligongana na tumbusi, bawa likaharibika, na kijana akafa. Kaburi lake liko Ngorongoro, ukingoni mwa kreta. Hatudai kwamba mwenzi kando yake angemwokoa. Twasema tu kwamba anayerusha ndege, kufuata ramani, kutazama wanyama na kuangalia anga kwa wakati mmoja ana kazi nne na macho mawili.

Vijana wachungao ng'ombe katika vijiji vya Tarime hujua dawa ya tatizo hili. Wakiwa wawili hawasimami pamoja. Mmoja hukaa upande huu wa kundi na mwingine ule, na kila mmoja huona mgongo wa mwenziwe. Wachezaji wa vita vya angani hufanya hivyo hivyo. Wawili huruka sambamba, wakiachana mita mia kadhaa, na kila mmoja hulinda anga la nyuma ya mwingine, ambalo mwenyewe hawezi kuliona.

5. Vijiti vya kiberiti vya Thach

Kulindana kwa macho ni mwanzo. Hatua ya pili ni kulindana kwa mwendo, na hapa historia ina mfano mashuhuri.

Mwaka 1941 afisa wa jeshi la majini la Marekani, John Thach, alisoma taarifa za ndege mpya ya Kijapani, Zero, iliyopanda na kugeuka vizuri kuliko ndege yake ya Wildcat. Kwa hesabu za sehemu ya pili na ya tatu ya makala hii, rubani mmoja wa Wildcat hakuwa na njia ya kumshinda rubani mmoja wa Zero. Usiku, nyumbani kwake, Thach alipanga vijiti vya kiberiti juu ya meza ya jikoni na kuvisogeza kimoja kimoja kama ndege, mpaka akapata jibu.

Jibu lenyewe ni hili. Wawili wanaruka sambamba. Adui akija nyuma ya mmoja wao, wote wawili hugeuka kukabiliana, njia zao zikapishana kama nyuzi za mkeka. Adui anayemfuata wa kwanza hujikuta uso kwa uso na wa pili. Akiendelea, atapigwa, akiacha, aliyefuatwa ameokoka. Baadaye Thach aliujaribu mpango huu kwa ndege halisi, akiagiza upande wake usitumie nguvu zote za injini ili ufanane na chombo dhaifu. Tarehe 4 Juni 1942, katika mapigano ya Midway, aliutumia vitani, ukafaa.

Msomaji na atazame vizuri kilichotendeka. Injini haikuongezewa nguvu, wala bawa halikurefushwa. Kilichoongezwa ni uaminifu: rubani anayefukuzwa hageuki ili kukimbia, bali anageuka ili kumleta adui mbele ya mwenzake. Lazima aamini kwamba mwenzake amegeuka pia. Asipoamini, akajitafutia njia yake, mpango wote huvunjika na wote wawili huangamia. Uaminifu wa namna hiyo haupatikani siku ya vita. Hujengwa kwa mazoezi mengi, na kwa desturi ambayo vikundi vyema vya mchezo huu huifuata: baada ya kila pambano hukaa wakasimuliana nani aliona nini, nani alichelewa, na kwa nini, bila kuoneana haya.

Huhitaji pia lugha moja. Marubani wa nchi nyingi hutaja mwelekeo kwa uso wa saa: tarakimu 12 ni mbele, 3 ni kulia, 6 ni nyuma, 9 ni kushoto. Sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili yatupasa kuwa waangalifu. Mshale mfupi ukielekea tarakimu 6, sisi husema ni saa kumi na mbili. Ukielekea tarakimu 12, husema ni saa sita. Basi mtu akipaza sauti "Adui, saa sita!", mmoja wa wenzake atatazama nyuma kwa desturi ya kigeni, na mwingine atatazama mbele kwa desturi ya nyumbani. Kila mmoja ana hoja yake, na mmoja wao atapigwa. Kikundi chenye busara hukubaliana maneno kabla ya kuruka. "Mbele", "nyuma", "kulia" na "kushoto" hutosha.

Mtandao nao huleta jaribio lake. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hwenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Habari ikipita katika waya wa kilomita 10,000 huchukua angalau sekunde 0.05, na ndege ya adui iendayo mita 200 kwa sekunde huwa imesogea mita 10. Zamani za setilaiti zilizotulia kilomita 35,786 juu ya ikweta, safari ya kwenda juu na kurudi chini ilichukua karibu robo ya sekunde, sawa na mita 48. Waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, hali ilianza kuwa bora. Hata hivyo kila mchezaji huona picha ya wakati uliokwisha kupita, na programu hukisia palipobaki. Ndiyo maana neno la mwenzako aliye mahali pengine ni ushahidi wa thamani.

6. Ushirikiano unaopimika: kuhesabu wanyama

Mwanafunzi aweza kuuliza: je, ushirikiano huu ni mambo ya vita na michezo tu? Turudi Serengeti.

Kila mwaka, kati ya mwezi Julai na Oktoba hivi, makundi makubwa ya nyumbu hufika kaskazini ya hifadhi na kuvuka Mto Mara. Kujua idadi yao hutegemea watu wanne ndani ya ndege ndogo. Njia ya kuhesabu kwa sampuli iliimarishwa na watafiti wa Serengeti katika miaka ya 1970, na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) imeendelea kufanya sensa za angani. Rubani hufuata mistari iliyonyooka, akishika kimo cha mita mia moja hivi juu ya ardhi. Aliye kando yake huandika kimo na mahali. Wawili walio nyuma, mmoja kila upande, huhesabu wanyama wanaopita kati ya fito mbili zilizofungwa kwenye nguzo ya bawa. Kundi likiwa kubwa hupigwa picha, likahesabiwe baadaye.

Fito hizo mbili hukata ukanda ardhini, na kwa sheria ya pembetatu zinazofanana, upana wa ukanda hulingana na kimo. Tuseme kwenye mita 100 ukanda ni mita 150. Rubani akipanda mpaka mita 110 bila kusema, ukanda huwa mita 165. Mhesabuji ambaye angeona nyumbu 60 sasa ataona 66, naye hana kosa lolote. Kama sampuli ni sehemu moja ya kumi ya eneo, nyumbu 6 wa ziada huwa 60 katika jibu, na kila ukanda ukikosewa hivyo idadi yote hupanda kwa asilimia 10. Mkono wa rubani umeingia katika jicho la mwenzake. Kadhalika mhesabuji aliyechoka akinyamaza kwa aibu, ustadi wote wa rubani ni bure. Kwa kasi ya mita 50 kwa sekunde, kilomita moja hupita kwa sekunde 20, wala hairudi.

Uzito wa jambo hili ulionekana dhahiri. Akina Grzimek walipata wanyama wakubwa 366,980, kati yao nyumbu 99,481. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na njia bora za kuhesabu. Lakini sehemu kubwa ilikuwa ongezeko la kweli, baada ya ugonjwa wa sotoka kutoweka miongoni mwa nyumbu, kutokana na ng'ombe wa nchi jirani na hifadhi kuchanjwa. Wataalamu hawangeweza kutenganisha mambo haya mawili kama kila kikundi cha ndege kisingeweza kueleza kimo chake, ukanda wake na makosa yake.

7. Onyo la tumbusi

Tumbusi nao wana ushirikiano. Hutawanyika angani, kila mmoja akitazama ardhi na akimtazama jirani. Mmoja akiona mzoga na kushuka, jirani yake humwona akashuka pia, na jirani wa jirani vilevile, hata habari ikaenea bila sauti. Hivyo macho mengi huwa jicho moja kubwa.

Lakini mzoga ukiwa umetiwa sumu, mnyororo ule ule huwaleta wote mautini. Tangu mwaka 2015 tumbusi wa Rüppell na tumbusi mgongo-mweupe wamo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani, na sumu ni mojawapo ya sababu kuu. Kwa mwanadamu funzo ni wazi: kumwamini mwenzako si kumfuata bila kutazama. Mwenzi mwema angani ni yule anayekuunga mkono, na pia anayesema "Usishuke!" wakati wewe unashuka.

Kiigizo nacho kina mipaka yake. Hakiuelemei mwili kwa uzito maradufu. Hakitii hofu ya kifo. Na aliyeanguka huanza tena. Hewa yake ni ile tu iliyoandikwa na mtunga programu. Anayefaulu humo hajawa rubani. Lakini amejifunza kuitunza nishati, kutazama kwa mpango, kusema maneno machache yaliyo wazi, na kukiri kosa mbele ya wenzake. Haya yana kazi hata nje ya mchezo. Katika vijiji vilivyopakana na Hifadhi ya Serengeti, ndege ndogo zisizo na rubani zimekwisha kutumiwa na walinzi kuwafukuza tembo kutoka mashambani. Na kazi hiyo hutaka mmoja wa kurusha, mwingine wa kutazama. Vyombo hivyo havirushwi bila kibali, na mwanafunzi asivijaribu kiholela.

Shule isiyo na kompyuta isijione imenyimwa somo hili. Thach alianza na kiberiti.

Maswali na mazoezi

1. Tumbusi yuko mita 1,000 juu ya ardhi. Akiteleza hushuka mita 1 kwa kila mita 15 za kwenda mbele. Atafika umbali gani kabla ya kutua, ikiwa hewa imetulia?

2. Ndege inakwenda mita 60 kwa sekunde na kuinama nyuzi 45. Tafuta nusu kipenyo cha duara lake. Mbawa hubeba mara ngapi ya uzito wa ndege?

3. Ukanda wa kuhesabia una upana wa mita 150 kwenye kimo cha mita 100. Rubani ameshuka mpaka mita 90. Mhesabuji ameona swala 45. Kama kimo kingeshikwa sawasawa, angetarajiwa kuona wangapi?

4. Zoezi la watu watatu: Tumieni vijiti vinne vya kiberiti mezani. Viwili ni ndege za kikundi kimoja, navyo vitumiwe na watu wawili. Viwili ni adui. Kila zamu kijiti husogea urefu wake mmoja. Kijiti cha kikundi hugeuka nyuzi 30 tu kwa zamu. Cha adui hugeuka nyuzi 45. Jaribuni kwanza kila mmoja akijitetea peke yake, kisha mjaribu kwa kupishana. Andikeni matokeo ya michezo kumi ya kila namna na mlinganishe.

5. Jadilini darasani: katika zoezi la nne, ni nini kilichobadilika kati ya namna ya kwanza na ya pili, ikiwa vijiti ni vile vile?